Fifti-fifti, mtaji na hisa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Tugawane nusu kwa nusu, asionewe mtu."
Tamu hiyo, mpaka siku mnapopishana: kura moja dhidi ya moja, biashara inasimama. Steve Jobs na Steve Wozniak walipoanzisha Apple tarehe 1 Aprili 1976, kila mmoja alichukua asilimia 45. Kumi akapewa Ronald Wayne, aliyewazidi umri, ili wawili wakivutana yeye aamue.

"Huna pesa, huna biashara."
Jobs aliuza gari, Wozniak akauza kikokotoo chake, na bado hazikutosha. Kilichowavusha ni oda: duka la Byte Shop liliagiza kompyuta 50, dola 500 kila moja. Oda hiyo ndiyo iliyomfanya muuza vipuri akubali kuwakopesha mzigo kwa siku 30. Mali kauli, wangesema Kariakoo, na wala wasingeshangaa.

"Wayne alikuwa mjinga."
Baada ya siku 12 alijitoa, akalipwa dola 800. Watu humcheka mpaka leo, mimi simcheki. Ule ulikuwa ubia, haukuwa kampuni. Katika ubia wa kawaida, deni likishindikana mdai humfuata mbia yeyote mwenye mali, na kati ya wale watatu mwenye cha kukamatwa alikuwa yeye. Apple ilisajiliwa kuwa kampuni Januari 1977, yeye keshaondoka. Hapa Tanzania wengi hushika cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wakadhani wana kampuni. Jina la biashara halikutenganishi na madeni yake. Dalali wa mahakama atagonga mlango wa nyumbani, si wa duka tu.

"Aliyekuwepo siku ya kwanza hisa zake ni zake."
Inategemea mliandikiana nini. Kampuni nyingi changa za teknolojia huziachia hisa za waanzilishi kidogo kidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hapati hata moja.

"Nina asilimia 60, mimi ndiye bosi."
Chukua hisa 1,000: wewe 600, mwenzako 400. Mwekezaji anakuja, kampuni inamtolea hisa mpya 250. Hakuna aliyekunyang'anya hata moja, 600 zako zipo palepale. Ila sasa ni 600 kati ya 1,250, yaani asilimia 48, na mwenzako akiungana na mgeni wana 52.