Barua ya mtendaji haihamishi haki ya mzazi

Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, huangukia msimu ambao kaya nyingi za Chamwino, Bahi na Mpwapwa mkoani Dodoma, Tanzania, zinaandaa mashamba, mengine mbali na nyumbani. Mtoto wa miaka 9 anaachiwa wadogo zake siku kadhaa na debe la unga. Ndipo maswali yanapoanza: nani ana mamlaka ya kumchukua mtoto, na mzazi anapoteza nini?

Kwanza, barua. Huletwa karatasi ya daftari yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji na saini za mashahidi, imeandikwa: "Nimemkabidhi mwanangu kwa fulani, sitamdai." Karatasi hiyo haihamishi haki yoyote, wala haimwondolei mzazi wajibu wa chakula, matibabu na shule. Kikao cha ukoo nacho hakiwezi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, haki za mzazi huhamishwa kwa amri ya mahakama. Tunalisema hili kila mwaka na barua bado zinaletwa.

Pia Afisa Ustawi wa Jamii hanyang'anyi watoto wa maskini. Nyumba iliyokosa mtama kwa ukame inahitaji msaada. Sheria inamlenga, kwa mfano, mtoto aliyetelekezwa, anayeteswa, au anayelelewa na mlevi au mhalifu asiyemjali.

Anayejua kwamba mtoto anatendewa hivyo anatakiwa kutoa taarifa serikali za mitaa. Simu 116, ya msaada kwa watoto, ni bure, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Taja jina la mtoto, umri, kitongoji, anaishi na nani, uliona nini na lini. "Anateswa" haitoshi. "Jumatatu alikuwa na malengelenge ya moto mkono wa kushoto, hajaenda shule wiki 2" inamwezesha afisa kuanza kazi siku hiyohiyo.

Afisa humwita mzazi, wakazungumza na kufikia uamuzi wenye maslahi kwa mtoto. Mzazi akikaidi, shauri huenda mahakamani, na mahakama inaweza kumtaka asaini ahadi ya kutoa matunzo. Ikihitajika zaidi, afisa huomba amri ya usimamizi: mtoto anabaki nyumbani chini ya uangalizi wa afisa, muda usiozidi mwaka 1. Pale mtoto anapoumia au yuko hatarini kuumia vibaya, huombwa amri ya matunzo. Hapo haki za mzazi huhamia kwa Afisa Ustawi, naye huchagua mahali panapomfaa mtoto: kwa ndugu, kwa mtu aliyeidhinishwa au kwenye makao ya watoto. Amri hiyo haizidi miaka 3, au hadi mtoto afikishe miaka 18, lipi litangulie. Mzazi anaweza kuamriwa kulipia gharama za matunzo hata mtoto akiwa kwingine. Wanaodhani wametua mzigo wajue hilo.

Anayevunja haki za mtoto zilizomo katika sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ubakaji na ulawiti huadhibiwa kwa Kanuni ya Adhabu, ambako vifungo ni virefu mno kulinganisha na hivyo. "Kumalizana" kwa ng'ombe wawili hakufuti kosa la jinai. Kunampotezea mtoto ushahidi na muda wa tiba.

Kinachokata kabisa haki za mzazi ni amri ya kuasili, yaani mtoto kufanywa kisheria kuwa wa mzazi mwingine. Kwa kawaida ridhaa ya mzazi huhitajika, lakini mahakama inaweza kuiweka kando ikithibitika kwamba alimtelekeza mtoto au kumtesa mara kwa mara.

Kabla ya hapo njia ya kurudi ipo. Mzazi, ndugu, afisa au mtoto mwenyewe anaweza kuiomba mahakama iondoe amri ya matunzo. Mzazi asisubiri miaka 3 iishe. Aonane na afisa mapema, amtembelee mtoto kwa utaratibu aliopangiwa, na nyumbani paonekane kilichobadilika: mahali pa kulala, chakula, na mtu mzima anayebaki na mtoto wengine wakienda shambani.