Kichaa cha mbwa porini: bweha hukipata kwa nani?

Wanyama wa porini huambukizanaje?
Kwa mate, hasa wanapong'atana. Virusi huingia kidondani, vikapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, safari ya wiki kadhaa, hata miezi. Kisha hufika kwenye tezi za mate, wakati ubongo unavurugika na mnyama anang'ata chochote kilicho mbele yake.

Kwa hiyo ugonjwa unatoka porini?
Sisi tunaoishi jirani na hifadhi hupenda kuamini hivyo. Utafiti wa miaka mingi kuzunguka Serengeti, Tanzania, umeonyesha kuwa wanaoudumisha ni mbwa wetu wa nyumbani. Bweha, fisi, nyegere na kanu huupata, huambukizana kidogo, kisha mnyororo hukatika mpaka mbwa mwingine auanzishe tena. Wanaoumia sana ni mbwa mwitu, kwani kundi zima hulambana midomo na kula pamoja. Mwaka 1990 kichaa kilithibitishwa kwa mbwa mwitu wa Serengeti. Inaniuma kuwaza kwamba sindano kwa mbwa wa kijijini ingeweza kuwakinga.

Na wala majani?
Swala au ng'ombe aking'atwa huugua, ila kwa kuwa hang'ati, ugonjwa kwa kawaida huishia kwake. Tandala wa Namibia ni kisa cha pekee: katika mlipuko ulioanza mwaka 1977 walikufa kwa maelfu, na inaelekea waliambukizana kwa mate.

Nitamtambuaje mnyama mgonjwa?
Bweha anayeingia uani mchana bila woga, au nyegere anayewafuata watu. Usitegemee kuona povu. Wengine hupooza wakaonekana wapole. Usimshike, hata akikutia huruma. Mwite ofisa mifugo au askari wa wanyamapori.

Akining'ata?
Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upate chanjo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa nini wasichanjwe wanyama wa porini?
Inawezekana. Uswisi ilianza mwaka 1978 kuwategea mbweha (jamaa wa bweha) vichwa vya kuku vyenye chanjo, na ikafanikiwa kwa sababu kule mbweha ndio waliokuwa chanzo. Kwetu chanzo ni mbwa, basi wachanjwe angalau 70 katika kila 100. Siku ya chanjo wapeleke na watoto wa mbwa. Wengi huachwa nyumbani kwa kudhaniwa ni wadogo mno, na hao nao huambukizwa.