Ustawi wa jamii wanakuzungusha? Andika barua, tena ipigwe muhuri

Watu wa Tanga kwa maneno hatujambo. Mtu atakaa barazani huko Ngamiani anasimulia alivyozungushwa na ustawi, mtaa mzima unajua, ila ofisini hakuna hata karatasi. Mi nafanya kazi hii ya ustawi wa jamii kwahiyo nawaambia ukweli, lalamiko la mdomo likimfikia bosi linakuwa "kuna mama mmoja alikuja" basi, limeishia hapo.

Andika, kwa mkono inatosha. Barua inaenda kwa Mkurugenzi wa Jiji maana maafisa ustawi wa halmashauri tuko chini yake.

Sasa andika nini. Kuna mama alinionyesha barua yake, kurasa mbili nzima "huyo dada ana dharau, anajisikia, hata salamu haitikii", inauma sawa lakini hapo mtu atachunguza nini? Nikamuuliza shida hasa ni ipi, kumbe anadai matunzo ya mtoto, baba alitakiwa aitwe ofisini na wito haujaandikwa mpaka leo, kila akienda anaambiwa njoo wiki ijayo. Eeh, hiyo ndo barua sasa! Nilienda tarehe fulani, nikaonana na fulani, nikaomba hiki, nikajibiwa hivi, nataka baba mtoto aandikiwe wito. Hicho kipande cha "nataka" watu wanakisahau sana. Na usiandike kama unaomba msaada, matunzo yako kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009.

Peleka nakala mbili masjala, pale ofisini wanapopokea barua, moja wabaki nayo, ya kwako wagonge muhuri na tarehe. Ukiambiwa "acha tu hapo mama, tutaifanyia kazi", kaa kwenye benchi usubiri muhuri wako.

Ukiombwa hela hiyo ni rushwa, piga TAKUKURU 113. Mtoto akiwa hatarini saa hii achana na barua kabisa, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, au kimbilia dawati la jinsia na watoto polisi.

Mkurugenzi akikaa kimya kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wapelekee na ile nakala yenye muhuri, ila kesi ikishakuwa mahakamani hawaigusi.

Wazee wasioweza kuandika, mjukuu aandike, babu aweke dole gumba, na jina la aliyeandika liwepo pale chini.