Chakula cha kuamkia harusi Kigoma: yasemwayo na yalivyo

Usiku wa kuamkia harusi nyumba hujaa: waliotoka mazoezini kanisani, wageni walioshuka treni kutoka Tabora, mashangazi wa Kasulu, vijana waliofunga turubai. Wote wanataka kula. Fedha nyingi hupotea usiku huo, na kinachozipoteza hasa ni hofu ya chakula kupungua mbele ya wakwe. Hapa tunahesabu wageni 60.

“Bora kibaki kuliko kipungue”

Baba anaongeza kilo mbili za mchele, shangazi tatu, mpishi naye moja ya kwake, na hakuna anayemwambia mwenzake. Orodha ishikwe na mtu mmoja. Kilo moja ya mchele hulisha watu wazima 8 hadi 9 palipo na mboga nyingine. Wapishi 8 nao wahesabiwe (husahaulika kila harusi, na wao hula mara mbili), hivyo mna watu 68: mchele kilo 8, nyama yenye mifupa kilo 10, maharage makavu kilo 3 na nusu. Achinje Mwislamu, ili pasiwe na mgeni wa kukaa pembeni.

Akiba iwe kilo moja ya mchele mbichi na ndizi ambazo hazijamenywa. Visipohitajika, vinarudi stoo. Kwa kawaida kinachopungua kwanza ni nyama, tena kwa sababu ya upakuaji: watu ishirini wa mwanzo wakijipakulia, wa mwisho wanakuta mchuzi. Nyama aipakue mtu mmoja, kwa kijiko kimoja.

“Pilau ya kilo 8 ni ya kilo moja mara nane”

Viungo, karibu ndivyo. Maji, hapana. Mvuke hutokea juu ya sufuria, na sufuria ya kilo 8 haina uso mpana mara nane, kwa hiyo maji yanayopotea kwa kila kilo ni machache. Anayetia lita 2 kwa kilo nyumbani akitia lita 16 hapa atapakua bokoboko. Anza na lita 11, supu ya nyama ikiwa ndani ya hesabu hiyo, na lita 2 za maji ya moto zikae kando.

Ila msipike kilo zote 8 katika sufuria moja. Uzito wa juu huubana mchele wa chini: chini unakuwa uji na kuungua, juu una kiini. Sufuria mbili za kilo nne nne, maji yakigawanywa nusu kwa nusu, ni salama zaidi. Maji yakikauka, punguza kuni zibaki makaa, funika, na makaa mengine yapande juu ya mfuniko.

“Dagaa si chakula cha mgeni”

Mgeni wa Dar es Salaam huku ndio anaowaulizia! Tatizo la dagaa ni mchanga. Waloweke katika maji ya uvuguvugu, wakoroge, subiri mchanga utue, kisha wainue kwa viganja uwahamishie beseni jingine. Ukiwamimina kwenye chujio, mchanga uliotua chini unawamwagikia upya. Rudia hadi kitako cha beseni kiwe safi, mara tatu au nne. Dagaa wakubwa uwatoe vichwa na matumbo, maana uchungu unakaa humo. Wakaange wakauke kwanza, ndipo uwaunge kwa kitunguu, nyanya na mawese.

Bei inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki na mitumbwi mingi hupumzika. Harusi ikiangukia tarehe 13 hadi 17 za mwezi mwandamo, nunueni wakavu wiki mbili kabla, kipindi cha giza. Angalieni pia tangazo la kupumzisha ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Mei 15 hadi Agosti 15, na huo ndio msimu wa harusi za kiangazi.

“Mawese yanaharibu mboga ya heshima”

Yanaharibu ikipoa. Mawese huganda hali ya hewa inapokuwa ya baridi kidogo, na mlaji anabaki na utando mdomoni. Mboga ya mawese iondoke jikoni ya mwisho, ikiwa moto. Wala msiyaunguze hadi yawe meupe. Rangi nyekundu ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

“Cha nyumbani maana yake kila kitu nyumbani”

Chapati mbili kwa kila mtu ni 136. Kilo ya unga hutoa 10 hadi 12, na kila moja hukaa dakika tatu kwenye kikaango. Kikaango kimoja kitawaka karibu saa saba. Agizeni kwa mama wa mtaani anayezipika kila siku, au achaneni nazo. Wali na ndizi zinatosha.

Maharage, kwa upande mwingine, hayana gharama yoyote ya maana. Yalale kwenye maji usiku, maji hayo yamwagwe, yachemke kwa nguvu, nyanya ziingie yakishaiva. Zikitangulia, ukali wake unayachelewesha kulainika.

“Wali uliobaki utakuwa kifungua kinywa cha bwana harusi”

Huu ndio ubahili wa hatari. Wali ukilala jikoni kwenye joto, bakteria waliohimili kupikwa huamka na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Hata kama haunuki. Uliokaa nje zaidi ya saa mbili bila moto usiguswe. Asubuhi wachemshieni viazi vitamu, na chai ya rangi.