Kijana akiuawa Kampala: yanayosemwa na yalivyo

"Vijana wanamalizwa na magenge ya mapanga." Magenge yapo. Lakini hata Masaka, mji ulio kusini-magharibi mwa Kampala, Julai na Agosti 2021, waliokatwa mapanga wengi walikuwa wazee. Polisi ya Uganda huhesabu mauaji zaidi ya 4,000 kwa mwaka nchi nzima, na humo kuna vipigo, visu, ugomvi wa nyumbani na umati wenye hasira. Risasi ni sehemu ndogo tu.

"Alikuwa mwizi, wacha afe." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mitaa ya Kampala kama Kisenyi au Bwaise, inatosha mtu mmoja apige ukelele, "Mubbi!", yaani mwizi kwa Kiganda. Anayekimbia hufukuzwa kwa sababu anakimbia. Vijana wa stegi, kituo cha bodaboda, wanaacha pikipiki zao, muuza chapati anaacha kikaango, matofali yanachukuliwa kwenye jengo la jirani. Aliyefika mwisho hata hajui kimeibwa nini, naye ndiye anayepiga kwa nguvu zaidi. Mara nyingine simu iliyodaiwa kuibwa huja kuonekana baadaye, chini ya mto wa kulalia wa mwenyewe. Halafu utasikia: "Tulikuwa wengi, nani atashtakiwa?" Sheria haisemi hivyo. Walioungana kwa nia moja, kosa ni la kila mmoja wao, hata yule aliyesogeza tofali tu.

"Aliyechoma kisu alipanga kuua." Wengine ndiyo. Ila ugomvi mwingi ni wa watu waliokunywa pamoja: deni la shilingi 5,000, msichana, meza ya pool. Waragi, pombe kali ya Uganda, ya vifuko ilipigwa marufuku mwaka 2019, ikabaki ya chupa ndogo. Kisu cha kumenyea matooke, ndizi za kupika, kipo karibu, na hospitali ya Mulago ni mbali kwa mtu anayevuja damu, amebanwa kwenye boda kati ya dereva na rafiki anayemshikilia shati. Angefika mapema, kesi ingekuwa ya kujeruhi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria vijana 193,000 wa miaka 15 hadi 29 huuawa kila mwaka duniani, wengi wao wa kiume. Ndipo watu husema wasichana wako salama wakikaa ndani. Mwaka 2017 wanawake zaidi ya 20 waliokotwa wameuawa Nansana na Entebbe, miji ya jirani na Kampala, nchi nzima ikaogopa vichochoro. Lakini mara nyingi muuaji wa mwanamke ni mume au mpenzi, ana ufunguo wa chumba, na jirani wa ukuta wa pili akisikia kelele huongeza sauti ya redio.