Ile ngumi uliyoisikia ni ya studioni

Wengi huamini kwamba sauti za filamu hunaswa pamoja na picha. Mara nyingi sivyo. Wakati wa kurekodi, maikrofoni hufuata mdomo wa mwigizaji. Nyayo, nguo na milango huongezwa baadaye studioni na mtu anayetazama picha huku akitengeneza milio kwa mikono na viatu vyake. Kazi hiyo huitwa foley, kwa jina la Jack Foley wa studio za Universal, Marekani.

Mfupa ukivunjika, umesikia bua la selari, mboga yenye mabua manene, likivunjwa. Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi, vilevile ambavyo Pwani huishia jikoni kuwashia moto. Hatua kwenye theluji ni wanga wa mahindi ndani ya kifuko cha ngozi, unaominywa taratibu.

Kwa nini wasitumie sauti halisi? Ngumi ya kweli hutoa mlio hafifu tu, haitishi mtu. Hata kimya hupangwa: chumba kitupu huwekewa mvumo wa hewa uliorekodiwa makusudi, maana sauti ikikatika kabisa mtazamaji hudhani spika imekufa.