Je, wajua kwa nini okidi ya ardhini ikichimbwa hairudi?

Ukichimba muhogo unakata kipande cha shina, unakipanda, unapata mwingine. Okidi ya ardhini, mmea wa maua unaoota udongoni, haina nafasi hiyo.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, okidi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria humea katikati ya nyasi. Ukifukua mmea mmoja ukiwa na maua, kwa kawaida utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa na kulegea: ndicho kilicholisha shina na maua ya msimu huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa wanga, ni akiba ya mwakani. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili, kwa kuwa ndicho kinachotwangwa na kuchanganywa na karanga kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Kile kizee hutupwa. Mmea umekwisha, na mbegu zake hazikuwahi kukomaa.

Mbegu zenyewe ni shida nyingine. Tunda moja hubeba maelfu, laini kama vumbi, lakini hazina akiba ya chakula kama ya haragwe. Mbegu huota pale tu inapoingiwa na kuvu anayefaa wa udongoni, ikanyonya sukari kutoka kwake. Kuzimwaga shambani, tena penye mbolea, ni kuzipoteza.

Maabara zinazootesha okidi hufuata njia hiyohiyo ya kuvu. Tunda huchumwa likianza kugeuka manjano, kabla halijapasuka. Mbegu husafishwa kwa maji yenye klorini, kisha husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kufunikwa. Zikikaa kidogo mno kwenye klorini, ukungu hutawala kisahani cha kuoteshea. Zikizidi, kiini hufa. Hupandwa kwenye agari (ute mgumu unaotokana na mwani) yenye takriban gramu 2.5 za unga wa oti kwa lita, pamoja na kuvu aliyetolewa kwenye mizizi ya okidi ya aina hiyohiyo, na kuwekwa gizani. Hapa ndipo wengi hukosea: oti ikizidi, kuvu hushiba, hunenepa, na kugeuka kuila mbegu yenyewe.

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo viazi haviruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Miche ya maabara nayo huhamishwa viazi vikiwa vimelala, kabla ya mvua, kwenye udongo uliotoka pale pale okidi zinapoota, bila samadi.